Songeni Kidogo

Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, mama mmoja fundi cherehani alimsimamisha binti yake juu ya meza ya kukatia nguo na kumpima kimo kwa utepe. Siku hiyo binti, ambaye nyumbani na shuleni walimwita Chiriku, alilingana na chupa ya soda. Jana yake alikuwa ameizidi chupa hiyo kwa kichwa kizima. Mama alikunja utepe akauliza swali ambalo wazazi wote wa shule ile walikuwa wamelizoea.

"Jana mmeongezewa nani?"

"Mmoja kahamia. Mwingine alikuwa anaumwa, amepona."

"Wote wamekuja kwenu?"

"Mwalimu kasema tusonge kidogo."

Mama aliguna. Akachukua sindano, akapunguza gauni la shule mabegani na kiunoni, akamtia binti yake kwenye kikapu pamoja na daftari, akampeleka.

Shule ilikuwa ya umma, na madawati yake yalitengenezwa kwa watoto watatu. Alipokuja wa nne, mwalimu alisema songeni kidogo, nao wakasonga. Alipokuja wa tano ikawa hivyohivyo. Ikafika siku watoto hawana pa kusogea, huku ukuta na huku njia, na mwalimu akasema songeni kidogo kama kawaida, maana hilo ndilo neno alilokuwa nalo. Watoto walikuwa na adabu. Kwa kuwa hawakuweza kusonga, walipungua. Tangu hapo kila aliyeongezwa dawatini aliwapunguza wenzake, na yeye akapungua mpaka wakalingana. Akitoka mmoja, waliobaki walirefuka kwa kadiri ya nafasi aliyoiacha. Nyumbani hawakubadilika hata wangelala kitanda cha futi sita. Mwili ulifuata dawati.

Mwanzoni wazazi walikuja juu. Mwalimu mkuu akaitisha kikao, akawaeleza kwamba darasa jipya limo kwenye mpango, na kwamba kwa sasa tushukuru, hakuna mtoto hata mmoja anayekaa sakafuni. Ilikuwa kweli. Miaka ya nyuma nusu ya darasa walikuwa wakikaa chini na kurudi nyumbani na vumbi hadi masikioni. Mzazi mmoja aliuliza kama jambo hili halina madhara kwa afya. Mwalimu mkuu alisema watoto wako buheri wa afya, na tena wanakula kidogo. Wenye watoto wengi walikwishaliona hilo wenyewe. Wakatazamana, wakatulia, na kikao kikafungwa kabla ya mchana.

Kilichomkata maini fundi hakikuwa kimo. Chiriku aliitwa Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, na alichosema mara nyingi kilikuwa na maana. Hesabu alizijua kwa kuzisikia tu. Lakini sauti yake sasa ilikuwa nyembamba kama ya mbu, na mwalimu wa hesabu, mtu mwema ambaye hajawahi kumchapa mtoto, alikuwa mzito kidogo wa kusikia. Akiuliza swali, alitazama madawati, akaona vimikono vimesimama kama majani, asijue amchague nani. Basi alijijibu mwenyewe, akaandika ubaoni, akaendelea.

"Mama, nimenyoosha mkono mpaka bega linauma," Chiriku alimwambia siku moja akiwa sikioni mwa mama yake. "Nilikuwa najua. Najua kila siku."

Mama hakulala vizuri siku hiyo. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto wake asikike.

Ndipo likaja suala la sare. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba rangi ya bluu imepitwa na wakati, na kuanzia Jumatatu sare itakuwa ya damu ya mzee. Asiyekuwa nayo asipite getini. Hakuna aliyejua bluu ilikuwa imemkosea nini. Wazazi walikimbizana kutafuta vitambaa, na Jumatatu mlinzi akawarudisha ambao hawakuwahi. Mmoja wao alikuwa Mpole, rafiki wa Chiriku tangu darasa la kwanza, aliyekaa naye bega kwa bega dawati moja. Mpole alilelewa na bibi yake, ambaye alikuwa akifua nguo za watu.

Bibi alihangaika, akapata kitambaa, akakileta kwa fundi siku ileile.

"Nakuomba, fundi. Huyu mtoto akizoea kukaa nyumbani, basi tena."

"Njoo keshokutwa, bibi. Utaikuta tayari."

Na fundi alimaanisha.

Alasiri Chiriku alirudi akitembea kwa miguu yake. Alikuwa amefika magotini mwa mama yake. Aliingia karakana akisema, na hakuacha kusema mpaka chakula kikapoa.

"Kanisikia! Kauliza, nikajibu, akageuka akasema nani huyo? Nikasema mimi! Akasema sahihi kabisa. Wakanipigia makofi, mama. Darasa zima."

Fundi alifurahi mno, hata akaunguza kwa pasi kola ya shati la mteja. Siku iliyofuata alikata kitambaa cha Mpole kama alivyoahidi. Kisha akaviweka vile vipande chini kabisa ya rundo, juu yake akaweka mapazia ya mtu, na juu ya mapazia akaweka suti.

Mafundi cherehani wana sifa zao, na fundi huyu hakuwa mgeni wa sifa hizo. Nguo za harusi zilishawahi kukaa kwake mpaka wenyewe wakaachana. Kwa hiyo bibi alipokuja keshokutwa na kuambiwa njoo kesho, hakushangaa. Alipokuja kesho, mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika. Mara nyingine uzi wa rangi ile ulikuwa umekwisha mji mzima. Bibi alisema haya, akarudi kufua. Hakuna mtu angemshuku fundi kwa kuchelewesha nguo. Ingekuwa kumshuku jogoo kwa kuwika.

Mpole naye alikuja kila asubuhi, amevaa nguo za nyumbani, amechana nywele tayari kwa shule.

"Shikamoo, mama. Imekwisha?"

"Marahaba. Bado kidogo tu, mwanangu. Kesho."

Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango mpaka Chiriku apite kwenda shule, wakapungiana mikono, kisha akarudi kumsaidia bibi kuanika. Na alikuwa anakua. Kwanza alirudia kimo cha umri wake, kama ilivyotarajiwa kwa mtoto aliyetoka dawatini. Halafu hakukoma. Mwili ule ulikuwa umebanwa muda mrefu, na sasa haukuwa na mtu wa kuuambia basi. Alimpita bibi yake, akampita fundi.

Jambo hilo lilimpa fundi nafuu. Alivitoa vile vipande chini ya rundo, akavipima mgongoni mwa Mpole. Havikutosha hata nusu.

"Umekua. Itabidi tupime upya."

Kuanzia hapo hakuhitaji kudanganya. Bibi aliongeza kitambaa, fundi akakata, na wiki iliyofuata mtoto akawa amekipita. Ni kweli pia kwamba fundi hakuwa na haraka ya kukata.

Aliona haya. Alipokuwa akimpima alitazama utepe, hakumtazama usoni. Aliwahi hata kumpa kazi ndogondogo za kupachika vifungo na kumpa ujira mkubwa kuliko kazi. Lakini alasiri Chiriku alirudi na habari mpya: leo nimesimama ubaoni, leo mwalimu kanituma kuwaeleza wengine. Mama alikaa akamsikiliza mwanawe akisema kwa sauti ya mtu, na haya ikasogezwa hadi kesho, pamoja na gauni.

Muhula ulipokaribia kwisha, afisa elimu alikuja kukagua. Alipita darasa kwa darasa, akapiga magoti ili awaone wanafunzi, akawasalimia, wakamwitikia, akasikia kitu kama mvua ya mbali. Hakumwona mtoto yeyote sakafuni. Kwenye dawati la kina Chiriku aliona hata nafasi ya wazi, upana wa kiganja.

"Hii ndiyo shule ya mfano," alisema.

Mwalimu mkuu alikohoa, akakumbusha kuhusu lile darasa jipya lililomo kwenye mpango. Afisa alitazama huku na huku.

"La nini, mwalimu? Mbona nafasi ipo?"

Wiki iliyofuata waliletwa wanafunzi wa shule jirani, ambayo paa lake lilichukuliwa na upepo. Walikuja wamepanga mstari mrefu, wamebeba vitabu kichwani, na wote walikuwa na vimo vya kawaida. Mwalimu wa hesabu aliwakaribisha, akawaonyesha madawati.

"Songeni kidogo," akasema.

Siku hiyo mlinzi alimrudisha Chiriku nyumbani ndani ya kikombe, ili upepo usimchukue. Alikuwa na urefu wa kidole gumba cha mama yake. Fundi alimweka sikioni, akabana pumzi ili amsikie.

"Nafasi ya Mpole wamekaa wengi," Chiriku alisema. "Siwajui hata majina."

Fundi alimweka juu ya mto wa pini, mbali na pini, akakaa kitako. Alikuwa ameitunza nafasi ile kwa muda wote huo kama mtu anayemtunzia mgeni kiti, na mgeni amekuja. Akavuta kitambaa cha Mpole. Suti na mapazia vikaanguka chini, hakuviokota. Kitambaa cha bibi hakikutosha, akaongeza cha kwake mwenyewe, jora zima alilokuwa amelinunua la kushonea wateja wengine. Alishona bila kuinua kichwa, na wateja waliokuja walisimama kidogo mlangoni, wakaona hali, wakaondoka. Jua halijazama, gauni likawa tayari.

Bibi na mjukuu waliitwa. Mpole alilazimika kuinama sana ili kuingia karakana, na ndani alikaa chini kwa sababu ya dari. Alilivaa gauni akiwa amekaa. Lilimkaa vizuri. Bibi alilishika pindo, akalia.

"Fundi, Mungu akuzidishie. Mwingine angeshanirudishia kitambaa changu akasema imemshinda. Wewe una roho nyeupe."

Fundi alisema ni kazi tu, akainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimeanguka.

Asubuhi walikwenda shuleni wote, Chiriku akiwa ndani ya mfuko wa kifuani wa rafiki yake. Mlinzi alilikagua gauni kuanzia chini kwenda juu, jambo lililomchukua muda, akafungua geti. Mwalimu mkuu akatoka ofisini. Alimtazama Mpole, akavua miwani, akaipangusa, akamtazama tena.

"Sare ni sahihi," alisema. "Sina neno na sare. Ila nikimkalisha huyu dawatini, wengine watakwisha kabisa. Siwezi kupoteza darasa zima kwa ajili ya mtoto mmoja."

"Sasa afanyeje, mwalimu?" bibi aliuliza.

"Sikuchukii, bibi, wala sikufukuzi. Lakini mmechelewa. Mngekuja mapema, kabla hajawa hivi, tungesonga. Mbona tunasonga kila siku?"

Bibi alikubali kwamba wamechelewa. Alimwomba radhi mwalimu mkuu kwa niaba yake mwenyewe na ya mjukuu wake. Fundi alikuwa amesimama hapohapo kando yake, akilinyoosha pindo la gauni.

Wakakubaliana hivi. Mpole angempeleka Chiriku kila asubuhi, maana hakuna kikapu kilichokuwa salama tena, na angempitisha dirishani mpaka dawatini kwa ncha za vidole. Kwa kuwa alikuwa amevaa sare, aliruhusiwa kubaki uani. Madirisha ya darasa hayakuwa na vioo, na yeye akipiga magoti aliuona ubao wote. Mlinzi alimzoea. Ndege walimzoea.

Siku moja fundi alipita shuleni kupeleka gauni jipya la binti yake, alilolishona kwa mkono kwa sababu cherehani haikuliona. Mwalimu wa hesabu alikuwa katikati ya kipindi. Aliuliza swali gumu, akageuka, akangoja. Madawati yalikuwa kimya kwa masikio yake, ingawa huenda walikuwa wakipiga kelele wote kwa pamoja. Fundi alijua mmoja wao ni wake, amesimama na mkono juu. Hakuweza kuona ni yupi.

Jibu lilitoka dirishani.

"Sahihi kabisa!" mwalimu alisema, akayatazama madawati kwa furaha. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mwalimu. Huku nje."

"Ah." Mwalimu aliupa uso wake ukali kidogo. "Toka hapo dirishani, binti. Unawazibia wenzako mwanga."

"Samahani, mwalimu."

Mpole alisogea pembeni, mwanga ukaingia, kipindi kikaendelea. Alikaa chini kuegemea ukuta, akalikusanya gauni vizuri lisiguse vumbi. Alipoinua uso alimwona fundi amesimama hatua chache kutoka kwake, mdomo wazi kama mtu aliyetaka kusema jambo.

"Shikamoo, mama," Mpole alisema, na akatabasamu. "Sikupata hata nafasi ya kukushukuru. Gauni halinibani popote."

Fundi aliitikia marahaba, akaenda zake haraka, maana karakana alikuwa ameiacha wazi.