Keki Iliyoumuka

Siku Larissa alipotimiza miaka minane, mama yake, Marie-Jeanne, alifungua oveni akapiga kigelegele peke yake jikoni. Kwa mwaka mzima keki zake zilikuwa zikitoka zimelala kama kandambili, juu zimepasuka, ndani mbichi. Hii ilikuwa imeumuka. Ukiibonyeza kwa kidole, inarudi. Na ndani yake hamkuwa na kitu cha ajabu: unga wa muhogo, mayai, tui la nazi, sukari kidogo na ndizi mbivu zilizopondwa.

"Baba Larissa, njoo uone!" alimwita mumewe, Serge, aliyekuwa akifunga maputo sebuleni. "Leo imekubali!"

Walikaa Durban, Afrika Kusini, mtaa wa Glenwood, katika ghorofa ya zamani iliyojaa wanafunzi wa chuo kikuu. Serge alipakia mizigo katika ghala moja huko Mobeni, Marie-Jeanne alisuka nywele saluni. Ngano ilikuwa imetoka nyumbani mwao mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo Larissa alikuwa na tumbo kama ngoma na miguu kama vijiti. Wengine walisema ni minyoo, wengine wakasema kuna mtu huko nyumbani Kongo anamfanyia uchawi. Hatimaye daktari mmoja wa hospitali aliwaketisha akawaeleza kwamba ni ugonjwa uitwao seliaki. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni, kile kinachofanya donge la mkate livutike. Kwa watu wengi ni chakula tu. Kwa utumbo wa mtoto huyu ni msasa, unakwangua mpaka chakula hakipati pa kuingilia mwilini. Dawa yake ni kuacha, na kuacha kwenyewe ni maisha yote, hata makombo.

Marie-Jeanne aliacha kweli. Alinunua mwiko mpya na kikaango kipya, akatoa mkate, tambi na biskuti ndani ya nyumba, akamwambia Serge kama anataka chapati akale hukohuko Mobeni na anawe mikono kabla ya kumshika mtoto. Wakipita mjini karibu na wauzaji wa ule mkate wa Durban uliochimbwa katikati na kujazwa mchuzi, alimkaza Larissa mkono na kuongeza mwendo. Nyumbani akarudia vyakula alivyolelewa navyo: ugali wa muhogo waliouita bugari, sombe ya majani ya muhogo, maharage, dagaa waitwao ndagala, viazi vitamu, uji wa mtama. Mtoto akanawiri. Mashavu yakajaa, nywele zikashika rangi.

Unga wa muhogo aliununua kwa mtu mmoja tu, Colette, aliyeitwa Mama Peguy na wote waliomjua. Alikuwa na meza ya vyakula vya Kongo huko Isipingo, jirani na stendi ya teksi. Tena hakuwa mwuzaji tu. Ndiye aliyemshika Larissa siku ya ubatizo, akaahidi mbele ya padri kwamba atamtunza kama wa tumbo lake. Baada ya kutoka kwa daktari, Marie-Jeanne alikwenda moja kwa moja kwake, akaketi nyuma ya ile meza, akamweleza yote. Colette alilia. Alivua kitenge chake cha mabegani akampa mwenzake ajifutie machozi.

Basi keki ikakatwa. Henriette, dada mkubwa wa Serge, ambaye mwaka mzima alikuwa akisema chakula cha wifi yake ni chakula cha mfungwa, alitafuna kipande chake akafumba macho.

"Sasa hii ndiyo keki, Mama Larissa. Ile ingine ilikuwa malipizi ya dhambi!"

Watu walicheka. Larissa alikula kipande, akaomba cha pili, akapewa. Kabla wageni hawajavaa viatu, alikuwa ameinama juu ya choo, anatapika, ameshika tumbo kwa mikono miwili na kulia bila sauti. Marie-Jeanne alimshika paji la uso. Moyoni alipitia kila kitu kilichogusa ile keki: mwiko, bakuli, oveni, mikono yake mwenyewe.

Hospitali wakampima damu. Siku ya majibu, nesi aliyewapokea alisoma karatasi, akavua miwani.

"Mama, umekuwa ukimpa mtoto nini?"

"Muhogo. Wali. Mboga. Keki ya muhogo siku ya sikukuu yake."

"Damu yake inasema amekula ngano miezi mingi, si siku moja tu." Akapunguza sauti, kama mtu anayemsaidia mwizi akiri. "Wazazi wengi wanachoka, mama. Mkate ni rahisi. Sema tu ukweli, hatutakugombeza."

Mwaka mzima Marie-Jeanne hakuonja andazi hata saluni, kwa kuogopa vumbi la sukari na unga kwenye nguo zake. Leo anaambiwa aseme ukweli! Alimshika mtoto mkono wakatoka.

Nyumbani hakupata nafuu. Serge, kwa ile sauti yake ya upole iliyomuudhi kuliko ukali, aliuliza kama labda shuleni wanabadilishana vyakula, au kama kuna siku yeye mwenyewe alichoka akampa mkate. Henriette alipiga simu kusema kwamba mtoto damu imekwisha kwa kunyimwa mkate, jambo liko wazi, hata Yesu alikula mkate. Marie-Jeanne alikata simu. Kisha akaketi kitandani akaanza kukumbuka. Vidonda vya mdomoni tangu Pasaka, alivyosema ni baridi. Uchovu wa asubuhi, aliosema ni uvivu. Ina maana kweli alikuwa akimlisha ngano, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Lakini ipi? Imeingilia wapi?

Jibu lilimjia Jumamosi, akisonga bugari. Mwiko ulikuwa mzito kwa namna asiyoizoea. Bugari ya muhogo inateleza na kung'aa, lakini hii ilikuwa ikishikilia ukingo wa sufuria kama haitaki kuachia. Alizima jiko. Alichota unga mkavu akauweka kwenye bakuli, akatia maji baridi, akaukanda. Unga wa muhogo ukiukanda kwa maji baridi haushikani, unavunjikavunjika tu mkononi. Huu ulishikana. Alilivuta donge, likarefuka.

Marie-Jeanne alizaliwa Lubero, milimani huko Kongo, ambako ngano inalimwa. Watoto wa kule hutafuna punje mbichi, wakitema maji yake meupe, mpaka mdomoni unabaki ulimbo mtamu wa kuchezea. Alilipeleka donge chini ya bomba akaliosha taratibu, akilifinya. Weupe ulitiririka, ukatiririka, hadi maji yakawa safi. Mkononi kikabaki kitu cha kijivu, kinavutika na kurudi. Hakuhitaji maabara. Alikitambua kama anavyoitambua sauti ya mama yake.

Alikitia kwenye mfuko wa plastiki, akachukua mfuko wa unga uliobaki, akapanda teksi ya Isipingo bila hata kufunga kilemba.

Colette alikuwa akipimia mteja ndagala. Alipomwona alitabasamu.

"Mama Larissa! Mtoto anaendeleaka je?"

"Mama Peguy, unga huu umeuchanganya na nini?"

"Kuchanganya? Ule ni muhogo, si unauonaka?"

Marie-Jeanne aliweka ule ulimbo juu ya meza, kati ya samaki na mafungu ya sombe. Akauvuta kwa vidole viwili mbele ya macho ya mwenzake. "Muhogo gani huu unavutika kama chingamu?"

Wateja wawili watatu walisogea. Colette alitazama pembeni, akaupangusa mzani ambao haukuwa na uchafu.

"Eish, Mama Larissa, tuongee pole pole. Muhogo umepotea. Magari yanakwama mpakani, yakifika nusu imeota ukungu. Unatia ngano, bugari inashikana vizuri, watu wanasifu. Si mimi peke yangu. Wote wanafanya."

"Kiasi gani?"

"Sasa nusu. Mwanzo ilikuwa kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Mbele kidogo ya Pasaka."

"Nilikaa hapa!" Sauti ya Marie-Jeanne ilipanda mpaka wapiga debe wa teksi wakageuka. "Hapa, kwenye kiti hiki! Nikakuambia ngano kwa Larissa ni sumu. Ukalia, Mama Peguy. Ukanipa kitenge chako. Halafu kila wiki nakuja, unanipimia, unaniuliza mtoto anaendelea je, na unajua kilicho ndani! Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu: usinunue huu. Kwa nini?"

Colette alinyanyua uso, na yeye sasa amekasirika, kwa hasira ya mtu aliyebanwa. "Ningekuambia, ungenunua?"

Marie-Jeanne aliuachia ule ulimbo mezani. Ilikuwa kama mtu amemmwagia maji. Alikuwa amekuja akitumaini, bila kujua kwamba anatumaini, kuambiwa ni bahati mbaya, ni mifuko iliyobadilishana, ni kosa la mwenye kinu.

Mteja mmoja, mwanamume, alicheka. "Mama, ngano haijaua mtu."

"Wewe nyamaza!" alimgeukia. "Nisimamishwe mbele ya nesi kama mwizi, niambiwe namdanganya daktari, nimshike mwanangu kichwa akitapika keki niliyoipika mwenyewe, halafu uniambie haijaua mtu! Unataka afe ndipo uone?" Akawageukia waliosimama. "Unga huu nusu yake ni ngano. Anayependa anunue. Lakini ajue anachonunua. Nyinyi nyote mna haki ya kujua mnachokula."

Alimwaga unga wote aliokuja nao pale chini, mbele ya meza, akaondoka. Mwanamke mmoja aliyetaka kununua alirudisha mfuko. Mwingine akaendelea kununua.

Kwenye meza ya mwisho alikuwapo mama wa Kirundi, Nduwimana, aliyeuza mihogo mikavu ambayo haijasagwa, vipande vyeupe vigumu kama mifupa. Alimvuta mkono. "Chukua hii, dada. Hapa ndani hapana mahali pa kuficha kitu."

Tangu siku hiyo Marie-Jeanne alitwanga mwenyewe. Wanafunzi wa ghorofa ya chini walipanda kulalamika kwamba dari linatetemeka. Akawafungulia mlango akiwa na mchi mkononi, akawaeleza sababu, wakashuka. Serge alijaribu kusema kwamba Mama Peguy ni mtu wao, kwamba maisha ya ugenini ni magumu, kwamba Mungu anataka tusamehe.

"Wewe samehe wa kwako," alimjibu. "Tumbo lililouma si lako. Na ulinidhania mimi."

Kesho yake Serge alianza kuchekecha unga yeye, bila kuambiwa.

Colette alikuja Jumapili moja baada ya misa, mwezi ulikuwa umeshapita. Alisimama mlangoni na mfuko wa mihogo mizima. Alianza kusema kwamba watu wa sokoni wamemsema sana, kwamba wateja wamepungua, kwamba yeye pia ana watoto. Marie-Jeanne alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mimi si wa kuambiwa hayo," alisema. "Mwambie aliyeugua."

Akamwita Larissa. Mtoto alikuja akasimama karibu na mama yake, uso umeanza tena kushika nyama. Colette alichuchumaa. "Mwanangu, ule unga niliouza ulikuwa na ngano. Ndio ulikuumiza. Unisamehe."

Larissa alimtazama. "Ulijua kama ni wangu?"

Colette angeweza kusema hapana. "Nilijua."

Mtoto alifikiri. Aliangalia mfuko, akaangalia uso wa mama wa ubatizo wake. "Basi usiletake chakula tena," alisema. "Ukuje tu."

Colette alilia, na safari hii hakuna aliyempa kitu cha kujifutia. Marie-Jeanne alisogea kando ili apite. Alimwekea kiti, akamwekea chai, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshasema. Lakini mfuko wa mihogo aliuacha palepale nje, mlangoni, na Mama Peguy alipoondoka aliubeba akarudi nao.