Mkoba wa Fimbo ya Dada

Katika ukoo wetu mzima hakuna mtu wa kukabidhiwa kitu cha thamani kama mimi. Nikishika, nimeshika. Ndivyo nilivyomwambia dada tuliposhuka kwenye teksi uwanja wa ndege, mkoba wake mrefu wa ngozi ngumu nimeukumbatia kama baba mpya na kichanga chake.

Mkobani mlikuwa na fimbo yake ya pool. Si zile za kwenye baa, zilizopinda utadhani zimeugua. Hii aliichonga mwalimu wake kabla mikono haijaanza kumtetemeka, vipande viwili vinavyokazwa kimoja ndani ya kingine, na dada hajawahi kushinda kwa nyingine. Jioni hiyo alikuwa na fainali.

"Wewe Msemaji, una uhakika wanaruhusu kuingia nayo ndani ya ndege?"

"Dada, usinichekeshe."

Kwenye ukaguzi, askari wa kike alitoa vile vipande, akavitazama kwa jicho la mashaka. "Hili ni rungu."

"Afande, umeona wapi rungu likipakwa chaki?" Nikavikaza, nikainama juu ya trei za abiria, nikamwonyesha pigo moja la kitaalamu. Kofia ya mwenzake ikaruka, ikatua miguuni pa mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni.

Ikawa vurugu. Huyu anasema fimbo irudishwe kaunta ikasafiri na mizigo, yule anataka nivue mkanda, mwingine anauliza viatu hivi vya nani, na kipaza sauti nacho kinatuita. Dada akatangulia kutuombea wasifunge mlango. Mimi nikabana mkoba kwapani, nikatimua mbio nimeshikilia suruali.

"Humu mna nini?" aliuliza mhudumu wa kaunta.

"Roho ya dada yangu. Ilaze polepole."

Nilipoketi ndani ya ndege, jasho likinichuruzika, dada aliniuliza kwa sauti ya chini, "Fimbo uliifungua vipande kwanza?"

"Nikaifungua, nikaifuta, nikaifunika kwa kitambaa chake."

Maneno yalitoka yenyewe, laini. Kisha nikajaribu kuyatafuta kichwani, nisiyaone. Kufungua nakumbuka: vidole vikizungusha, mti ukilia kidogo. Lakini ile ilikuwa leo, au jana sebuleni? Kitambaa nakiona, cha kijani. Nakiona mezani kwetu. Na kule kaunta, mkoba ulikuwa mzito au ni mimi niliyekuwa nimechoka? Kila nilichokishika akilini kiliniponyoka, kikageuka kitu kingine: kofia, viatu, trei.

Dada alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kulia ulikwenda mbele na kurudi taratibu juu ya paja, ukisukuma fimbo isiyokuwepo. Nilitamani kumgusa. Nikajikuta nasema, "Imelala salama, dada."

Kutoka kiti cha dirishani, mtu alikohoa. Alikuwa yule mama mwenye miwani.

"Samahani, wanangu, naingilia yasiyonihusu," alisema. "Kijana, ulifunga mkoba mtupu. Nilikuita, hukusikia."

Mkono wa dada ulisimama hewani.

"Na fimbo?" aliuliza, bila kunitazama.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio wake. "Mara ya mwisho kuiona, yule askari alikuwa anavutia nayo trei."