Mkono wa Mwashi Ukutani mwa Makao Makuu ya Reli

Karani wa mizigo aliingia ofisini, akafungua dirisha, akatundika koti lake kwenye mkono uliotokeza ukutani, akaketi kunywa chai. Ulikuwa mkono wa kulia, wenye sugu, gumba limepinda nje. Ulikuwa hapo tangu wakoloni walipojenga makao makuu ya reli: matao ya mawe, ngazi pana ya msaji mbele kwa ajili ya mabwana, na nyuma ngazi ya chuma, nyembamba kama koo la kuku, kwa ajili ya waliowabeba mabwana. Tao la chini lilipoporomoka, lilimfunika mwashi mmoja. Mhandisi wao alitazama saa, akaamuru ujenzi uendelee. Baadaye bendera ilibadilishwa. Ngazi, la.

Mjukuu wa mwashi yule, naye mwashi, aliletwa kupiga lipu upya. Aliutazama mkono, akatazama gumba lake mwenyewe. Akalitupa koti sakafuni.

"We dada! Koti langu!"

"Na huyu babu yangu." Akaushika mkono. "Shikamoo, babu."

Mkono ukaitikia kwa kumbana vidole kidogo.

Mjukuu alipanda ngazi ya mbele na buti zake zenye saruji mpaka kwa mkurugenzi. Alitaka jambo moja tu: babu atolewe, akazikwe kama watu.

"Mama, jengo hili ni urithi wa taifa," mkurugenzi alisema. "Haling'olewi hata jiwe."

"Babu si jiwe."

Mhandisi wa sasa akaenda, akagonga ukuta, akarudi. "Mzee, tao limekaa begani mwake. Akitoka, ofisi yako inashuka."

"Basi shukeni kwanza," mwanamke akasema.

"Tushukie wapi?"

"Chini. Sisi tupo huko siku zote, hakujatuua."

Mkurugenzi akaagiza chai, ya mtu mmoja.

Mjukuu akateremka, akamwekea babu nyundo kiganjani. "Jitoe mwenyewe, babu. Hawa hawana haya."

Mkono ukaupima uzito, ukaanza kuubomoa ukuta uliouzunguka. Juu, ufa ukapasua sakafu ya mkurugenzi. Alihamishia meza yake upande wa pili wa jengo, na pale juu ya tao akawapanga wapiga chapa na wafagizi.

Mkono ukasikiliza kandambili zao zikipita. Kisha ukamrudishia mjukuu nyundo, mpini mbele, kama mafundi wanavyopeana.

Mjukuu akachanganya lipu.