Mboni ya Fundi Cherehani

Daktari huyo wa macho, wenzake walimpachika jina la Chapchap, na lilimpendeza kuliko alivyokubali. Mtoto wa jicho alimtoa kwa dakika nane, huyo, kwenye chai.

Fundi cherehani mzee aliletwa kliniki na mke wa mwanawe, kashikwa mkono. Chapchap, macho kwenye fomu, akauliza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara: "Mzee, unatumia vidonge vya tezi dume? Mkojo unatoka vizuri?"

Mzee akainamisha kichwa mbele ya mkwewe. "Sina shida hiyo, mwanangu."

Chapchap akaandika hapana. Baba mkwe gani angejibu vingine? Hilo hata hakujiuliza.

Kwenye upasuaji, matone yalitiwa mara tatu, lakini mboni ilibaki ndogo. Alipoanza kazi ikazidi kunywea, na utando wa rangi unaoizunguka ukachezacheza ovyo. Vidonge vile vya tezi dume huulegeza. Kila mtu wa kazi hiyo anajua.

"Nikupe kulabu za kuishikilia wazi, daktari?" muuguzi akauliza.

"Za nini? Zitatuchelewesha."

Akalazimisha. Utando ukachanika. Muuguzi akatazama pembeni, na Chapchap akamaliza kazi.

Kesho yake bandeji ilipotolewa, mzee aliona mwanga umetawanyika, vidole vya daktari akashindwa kuvihesabu. Mkwe alikuwa dirishani anachukua dawa. Mzee akanong'ona: "Nisamehe, mwanangu. Vidonge navinywa, ila niliona haya. Jicho nimeliharibu mwenyewe."

Chapchap alijisikia nafuu. Kisha akajiona alivyojisikia nafuu, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Mkwe akaingia. Mzee akamkazia daktari jicho lile jekundu, akimsihi.

"Dada," Chapchap akasema, "mboni ya baba ilikuwa ndogo. Vifaa vya kuipanua vilikuwepo, nikavikataa kwa haraka zangu. Jicho nimeliharibu mimi."

"Na kwa nini ilikuwa ndogo?"

"Hutokea kwa wazee."

Mzee akashusha pumzi. Mkwe hakushusha. "Na la pili? Litafanywa na nani?"

Chapchap alikuwa anatafuta jina la daktari mwingine, lolote, mzee alipopapasa hewani mpaka akaupata mkono wake.

"Huyu huyu," akasema.

Chapchap akatamani angetukanwa.