Programu Yenye Mafua

Hemangi na mumewe Pundlik, wote wawili vipofu, walikuwa na kompyuta moja nyumbani kwao Kolhapur, na Jumapili ile waliigombania tangu asubuhi. Kompyuta yenyewe ilikuwa ikiwasomea skrini kwa sauti tangu zamani. Walichokosa ni programu nzuri ya kusomea vitabu. Walipakua mbili, wakazijaribu kwa riwaya moja ya upelelezi.

Ya kwanza aliipenda Pundlik, mwalimu wa muziki.

"Sikia sauti hiyo, bibie. Asali tupu!"

"Asali gani? Nikitafuta sura ya pili naambiwa 'kitufe, kitufe, kitufe.' Kitufe cha nini?"

Ya pili, aliyoipenda Hemangi, ilitaja kila kitufe kwa jina lake. Ila sauti ilikwaruza.

"Huyu ana mafua," Pundlik akasema. "Akatibiwe kwanza."

Wakarudi kwenye ile tamu. Jikoni, mama yake Pundlik, Bi Indumati, alikuwa akipiga mikate ya mtama huku akiwacheka. Lakini tajiri wa kwenye riwaya alipokiinua kikombe chenye sumu, mikono ya Bi Indumati ilisimama juu ya unga. Hapo hapo umeme ukakatika.

"Ee! Amekunywa au hakunywa?" Bi Indumati akauliza, akija mbio kutoka jikoni.

Umeme uliporudi, programu ya Pundlik ilianza upya kwenye jalada. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, ikamsomea jina la mchapishaji mara tatu. Hemangi akamsukuma kidogo, akafungua ya kwake, akaandika neno "sumu" kwenye sehemu ya kutafutia. Papo hapo wakawa mezani kwa tajiri.

"Tunachukua hii," Bi Indumati akakata shauri, unga mikononi.

"Mama, na sauti hiyo?"

"Nimelala na mkoromo wa baba yako miaka yote ile. Hii ni muziki. Nyamaza, anakunywa!"

Pundlik akasalimu amri. Jioni alipokwenda kufundisha, aliwasihi wasiendelee bila yeye. Wakamwahidi.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi.

"Mmesoma?"

"Hata kidogo," akajibu Hemangi.

"Kwanza," Bi Indumati akadakia, "yule mpwa wa tajiri nilimshuku tangu mwanzo."

"Mpwa? Ndiye muuaji? Mmemaliza kitabu!"

Hemangi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Pundlik alinuna kwa muda wa kuvua viatu tu, kisha akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Haya, nifungulieni kingine. Na safari hii siondoki."