Damu Nyeupe ya Shangazi

Jamani, kuna damu, halafu kuna damu ya shangazi yake Kiherehere!

Kiherehere ndilo jina alilobandikwa kwenye maabara ya hospitali, alikokuwa akifanya mazoezi ya chuo, maana miguu yake haijui kutulia. Asubuhi hiyo ilitulia yenyewe. Shangazi yake, fundi cherehani mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alikuwa amejikunja wodini, tumbo linamchoma mpaka mgongoni. Daktari wa upasuaji alihisi kidonda cha tumbo kimepasuka. Kabla ya kushika kisu alitaka kipimo kimoja tu, cha kimeng'enya cha kongosho, ile tezi ya nyuma ya tumbo inayotoa maji ya kusaga chakula. Kikiwa juu sana, basi kongosho ndilo lililovimba, na kumpasua ni kumtesa bure.

Mashine ikajibu: kawaida kabisa.

"Basi atapasuliwa," msimamizi wa maabara akasema, akiinua simu kumpa daktari majibu.

Roho ikamruka Kiherehere. Akaenda kuichomoa chupa ya damu ya shangazi kwenye mashine. Hakuwa na hoja yoyote, alitaka kuishika tu, kama unavyomshika mgonjwa mkono. Chupa zote zilikuwa zimezungushwa pamoja, damu nzito ikakaa chini, juu yakabaki majimaji ya njano. Ya shangazi, juu ilikuwa nyeupe pee!

"Bosi! Shangazi ana maziwa!"

"Shangazi yako ana wajukuu. Maziwa ya kumnyonyesha nani?"

Lakini msimamizi alipoiona chupa, simu ikarudi mezani polepole.

"Mafuta haya," akanong'ona. "Mashine inasoma kwa mwanga, na mafuta yakizidi hivi yanauziba, inadanganyika. Lete maji ya chumvi, tuipunguze nguvu."

"Tukiongeza maji si jibu litashuka zaidi?"

"Acha ubishi, pima."

Wakachanganya, wakapima, wakazidisha kulingana na maji waliyotia. Namba ikapanda. Wakaongeza maji tena. Ikapanda tena! Kiherehere akajiziba mdomo. Chai ukiitia maji inachujuka. Hii ilikuwa inazidi kukolea mbele ya macho yake, mpaka ikatulia mara kumi ya kawaida.

"Kongosho," msimamizi akasema. "Kimbia, mimi napiga simu."

Alikimbia kama anafukuzwa na nyuki. Kitanda cha shangazi kilikuwa kimeshafika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na daktari ameshavaa kofia. Kiherehere hakuwa na pumzi ya salamu. Akampa chupa na neno moja tu: "Kongosho!"

Daktari akaiinua dirishani. Jua likaipiga, nyekundu chini, nyeupe juu, kama vitu viwili visivyojuana. Wauguzi wakasogea.

"Mnatazama nini na mimi nakufa?" shangazi akafoka.

"Damu yako, shangazi."

Akageuza shingo kwa taabu. Akatazama muda mrefu.

"Hiyo? Ilikuwa humu ndani, inatembea?"

"Humo humo, mpaka moyoni."

"Mungu wangu. Na mimi huku nashona tu!"

Daktari akavua kofia. "Hapasuliwi. Mrudisheni wodini, asile chochote, mtundikieni dripu, na dawa ya maumivu sasa hivi."

Kitanda kikageuzwa. Shangazi akamkamata mpwa wake mkono, macho bado yako kwenye ile chupa.

"Wewe mtoto, ishike vizuri," akasema kwa sauti ndogo ambayo Kiherehere hajawahi kuisikia kwake. "Isimwagike."