Mifupa ya Ndani ya Ufa

Wachimba mawe walipokuta mifupa ya mtu ndani ya ufa wa mwamba, mama wa mpimaji wa umri wa mifupa alifika maabara kabla ya mifupa yenyewe. Akaketi kwenye benchi la ukumbini, macho mlangoni. Mwanawe wa kwanza aliingia kwenye mapango ya upande ule akiwa kijana, asionekane tena.

"Nenda nyumbani, mama," mpimaji alimwambia. "Kupima umri wa mfupa si kukaanga yai."

"Nimesubiri miaka yote hii, mwanangu. Benchi litanifanya nini?"

Mpimaji alitoboa mfupa wa paja, akakusanya unga wake, akaupeleka kwenye mashine. Majibu yalipotoka, alishusha pumzi. Mfupa ulikuwa wa maelfu ya miaka.

"Si kaka yako," mkuu wake alisema, uso umemchanua. "Huyu ni wa makumbusho. Funga kazi."

Mpimaji akainuka kwenda kumwambia mama, lakini akarudi mezani. Kwenye trei kulikuwa na mfupa wa kidole uliomkera tangu mwanzo. Mingine ilikuwa mizito kama jiwe, rangi ya kutu. Huu mwepesi, mweupe. Naye alijua tabia ya nyufa: mvua husomba mifupa ya juzi na ya kale, ikailaza kitanda kimoja.

"Ukichokonoa, utapata," mkuu alimwonya taratibu.

"Nisipochokonoa, mama atakufa akisubiri."

Alipopita ukumbini, mama alimtazama tu. "Bado," mpimaji akamjibu, akageuza uso.

Kidole kilileta majibu mengine kabisa: mwenye kidole aliishi enzi za mama na mpimaji wenyewe. Ikabidi damu ya mama ichukuliwe, ilinganishwe na mfupa. Wakangoja siku kadhaa.

Hatimaye aliketi benchini, akaushika mkono wa mama. 

"Sema, mwanangu. Ulipogeuza uso nilijua. Tangu utotoni hujui kuficha."

"Ni kaka, mama."

Mama hakulia. Aliuliza, "Na mifupa yake mingine iko wapi? Kidole kimoja sitakizika."

Kesho yake wachimba mawe walishuka tena ufani kutafuta mifupa iliyobaki. Aliyetangulia, kamba kiunoni na taa kichwani, alikuwa mpimaji.